Leza Katika Bilauri ya Chai ya Rangi

Chai ya rangi, ile isiyotiwa maziwa, ambayo mfanyakazi huinywa upesi upesi asubuhi pamoja na chapati au kipande cha muhogo kabla ya kukimbilia basi, ni kitu cha kawaida mno hata hakuna anayeitazama. Lakini ukiinyanyua bilauri na kuiweka mbele ya dirisha, utaona kwamba mwanga wa jua unaingia ndani yake ukiwa mweupe na kutoka ukiwa na wekundu wa udongo. Chai imeubadili mwanga. Jambo hilo twalijua sote tangu utotoni. Lisilojulikana na wengi ni kwamba mwanga nao, ukiwa wa namna fulani, huibadili chai.

Mwanga wa taa ya chumbani hauwezi kutuonyesha mabadiliko hayo. Yataka mwale wa leza. Tuseme chai nzito iliyochujwa vizuri imemiminwa katika chombo cha kioo chenye pande bapa, chembamba kuliko kidole, na mwale wa leza ya kijani uliobanwa kwa lenzi unapitishwa katikati yake hadi kwenye karatasi nyeupe iliyobandikwa ukutani mita mbili tatu kutoka hapo. Mwanzoni kwenye karatasi pana doa dogo tu. Kabla mtazamaji hajapepesa macho mara ya pili, doa lile hutanuka. Na mwale ukiwa na nguvu ya kutosha, doa hugeuka kuwa duara ndani ya duara, za mwanga na za giza, mithili ya ukili uliozungushwa katika kitanga. Ukiukinga mwale kwa kipande cha kadibodi na kungoja kidogo, kisha ukauachia tena, yote huanza upya: doa, kisha duara.

Leza ni ile ile na karatasi haikuguswa. Kilichobadilika ni chai. Mwale umejitengenezea lenzi ndani ya kimiminika, kisha ukapindwa na lenzi hiyo hiyo.

Ili kufahamu jinsi jambo hili linavyotukia, yatupasa kukumbuka kwanza rangi ni kitu gani. Kitu chenye rangi ni kitu chenye kuchagua: humeza sehemu fulani ya mwanga na kuiacha nyingine ipite. Chembe zinazoipa chai rangi yake hupenda kumeza mwanga wa buluu na wa kijani, na kuuacha mwekundu. Mwanga uliomezwa haupotei bure, kwani nishati haina desturi ya kupotea. Aghalabu huwa joto. Kila mama aliyeanika kanga nyeusi na nyeupe kwenye kamba moja wakati wa adhuhuri anajua ipi itamchoma mkono zaidi.

Jua hutawanya joto lake juu ya kamba nzima na uwanja mzima. Leza haitawanyi. Tangu Theodore Maiman alipoiwasha leza ya kwanza huko Malibu, California, tarehe 16 Mei 1960, kwa kutumia kipande cha yakuti nyekundu, sifa kuu ya mwanga huo imekuwa ni nidhamu yake: mawimbi yote yana urefu mmoja na huenda kwa hatua moja, kama askari wa gwaride. Kwa hiyo mwale wake waweza kubanwa ukawa mwembamba kama unywele. Nguvu yake yote, hata ikiwa ni miliwati chache tu, humwagwa katika uzi mmoja wa kimiminika. Katikati ya uzi huo joto huzidi. Pembeni ni baridi kama hapo awali.

Kimiminika kilichopata joto hutanuka, na kilichotanuka huwa chepesi zaidi kwa mwanga kupita. Mwanga ambao hewani huenda kilometa 300,000 kwa sekunde, ndani ya spiriti safi hupungua mwendo hadi kama 220,000. Wataalamu huandika tofauti hiyo kwa tarakimu: spiriti ni 1.36, maji ni 1.33. Ukiipasha spiriti joto kwa digrii 1 tu ya Selsiasi, tarakimu yake hushuka kwa 0.0004. Maji hushuka kwa 0.0001 tu, na jambo hilo tutalihitaji baadaye.

Msomaji anaweza kusema kwamba 0.0004 si kitu. Hebu tupige hesabu. Katika chombo chenye unene wa sentimita 1, badiliko hilo humfanya mwale wa katikati awe mbele ya wenzake wa pembeni kwa sehemu 4 kati ya elfu za milimita. Urefu wa wimbi moja la leza nyekundu ya heli na neoni ni nanomita 632.8, yaani kama theluthi mbili ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa hiyo mwale wa katikati umewatangulia wenzake kwa mawimbi sita na zaidi. Hapo ndipo zinapotoka duara zile: pale mawimbi ya katikati na ya pembeni yanapokutana kwa hatua moja pana mwanga, na pale yanapogongana pana giza. Digrii moja ya joto huleta duara kama sita. Mtu aweza basi kuhesabu duara ukutani na kujua joto la uzi mwembamba wa kimiminika ambao hakuna kipimajoto kingeweza kuuingia.

Dereva anayesafiri barabara ya Morogoro saa saba mchana amekwisha kuona jamaa wa jambo hili. Mbele yake lami hung'aa kama dimbwi, naye akikaribia hakuti maji. Yale ni mazigazi: hewa iliyopashwa joto na lami imepinda mwanga wa anga. Tofauti ni kwamba barabarani joto limetoka kwa jua na mwanga unaopindwa ni mwingine. Katika bilauri, mwenye kuleta joto na mwenye kupindwa ni mmoja.

Lenzi hii ya joto haikutafutwa na mtu. Ilijileta yenyewe kama hitilafu ya mtambo. Mwaka 1964, katika maabara za kampuni ya Bell huko Murray Hill, New Jersey, palikuwa na kundi la wanafizikia waliotaka kuchunguza mwanga wa Raman. Mwaka 1928 Mhindi C. V. Raman alikuwa amegundua huko Calcutta kwamba mwanga ukipita katika kimiminika, sehemu ndogo mno hutoka ikiwa imebadilika rangi, na kwamba badiliko hilo ni kama alama ya kidole ya kemikali iliyomo. Shida ni unyonge wa mwanga huo. Watu wa Murray Hill wakaona njia: badala ya kuweka chupa ya kimiminika mbele ya leza, waiweke ndani ya leza yenyewe, baina ya vioo vyake viwili, ambamo mwanga huenda na kurudi mara nyingi na kuwa mkali zaidi.

Leza ikaanza kuleta ukaidi. Nguvu yake ilipanda na kushuka, doa lake likabadili umbo, na mabadiliko hayo yakachukua muda mrefu, hata kufikia sekunde kadhaa. Muda huo ndio uliowatia shaka. Mambo ya chembe na mwanga humalizika katika sehemu za mabilioni ya sekunde. Kinachojikokota kwa sekunde nzima ni joto. Vimiminika vyenyewe vilikuwa safi, visivyo na rangi machoni. Lakini hata hivyo vilimeza mwanga kidogo sana, na kidogo hicho kilitosha kujenga lenzi.

Aliyefanya kazi karakanani anajua kishawishi kilichopo hapo. Mashine ikianza kutetemeka, njia nyepesi ni kukaza nati na kuendelea na kazi uliyotumwa. Wale hawakukaza nati. Mwaka 1965 walichapisha maelezo kamili ya hitilafu hiyo, yakiwa na majina matano: Gordon, Leite, Moore, Porto na Whinnery. Wawili kati yao, Rogério Cerqueira Leite na Sérgio Porto, walikuwa Wabrazili, na wote wawili walirejea kwao baadaye wakajenga fizikia ya Chuo Kikuu cha Campinas. Porto aliaga dunia mwaka 1979.

Maana ya hitilafu ile ilikuwa hii. Ikiwa lenzi huzaliwa kutokana na mwanga uliomezwa, basi ukubwa wa lenzi ni kipimo cha kilichomezwa, na kwa hiyo cha rangi iliyomo, hata kama ni kidogo kiasi gani. Vipimo vya kawaida hulinganisha mwanga unaoingia na mwanga unaotoka. Kwa kimiminika kinachokaribia usafi kamili, njia hiyo ni kama kutaka kujua uzito wa punje ya chumvi kwa kupima sufuria zima la mchuzi kabla na baada ya kuitia. Lenzi ya joto haijali mwanga uliopita salama. Husikiliza ule uliomezwa tu.

Mwaka 1973 Whinnery, aliyekuwa profesa huko Berkeley, pamoja na Chenming Hu, ambaye baadaye alijipatia sifa kwa transista za kompyuta, walionyesha jinsi ya kukitoa kimiminika nje ya leza na kukipima mbele yake, jambo lililorahisisha kazi sana. Tangu hapo kipimo hiki kimeingia katika maabara za kemia. Huko Tokyo, kundi la Takehiko Kitamori liliunda darubini ya lenzi ya joto, na kufikia mwaka 2001 kundi hilo lilikuwa likipima rangi iliyo haba kiasi kwamba katika tone linaloangaliwa, kwa wastani, hapakuwa na hata molekuli moja kamili kwa wakati mmoja. Huko Nova Gorica, Slovenia, Mladen Franko na wenzake wamekitumia kipimo hiki katika vyakula na katika kutafuta mabaki ya dawa za kuua wadudu.

Kwa mlaji wa mjini, anayenunua pilipili ya unga bila ya kujua ilisagwa wapi na nani, jambo hili si mchezo wa maabara. Mwaka 2005 nchini Uingereza mamia ya aina za vyakula yaliondolewa madukani baada ya kugunduliwa kwamba pilipili ya unga iliyotumika katika mchuzi mmoja wa chupa ilikuwa imetiwa Sudan I, rangi ya viwandani isiyoruhusiwa kabisa katika chakula kwa kuwa yashukiwa kuleta saratani. Ulimi hauwezi kuitambua rangi hiyo, na jicho huipenda, kwani ndiyo kazi yake: kuipendezesha pilipili iliyochakaa. Tusitie chumvi hapa. Lenzi ya joto peke yake haiwezi kutaja jina la rangi iliyoikuta. Humeza ni humeza tu, iwe Sudan I au rangi halali. Ni lazima kwanza kemikali zitenganishwe kwa mitambo mingine, kisha lenzi iwekwe mwishoni kama jicho la mitambo hiyo. Lakini jicho hilo ni kali.

Sasa neno kwa wazazi, na naliandika hapa makusudi, baada ya msomaji kufahamu jinsi rangi inavyogeuza mwanga kuwa joto. Nyuma ya jicho la mwanadamu kuna utando upokeao picha, na chini yake kuna tabaka la rangi nyeusi. Mbele ya jicho kuna lenzi hodari kuliko ya maabara nyingi. Mtoto akimulikwa machoni kwa tochi ya leza, kama zile zinazouzwa kama vitu vya kuchezea, lenzi yake hukusanya mwale wote katika nukta moja juu ya tabaka lile jeusi, na yanayotukia ni yale yale ya chai: rangi humeza, joto huzidi. Ila chai husahau baada ya sekunde, na utando wa jicho hausahau. Hauna hata maumivu ya kumwonya mtu; mtoto aweza kupata kovu katikati ya macho asilie. Nchi nyingi zimeweka kikomo cha miliwati 1 au 5 kwa tochi hizo, na lebo huandikwa hivyo, lakini vipimo vilivyofanywa mahali mbalimbali vimeonyesha kwamba nyingine hutoa nguvu nyingi kupita zilivyoandikwa, hasa za kijani. Lebo si ushahidi. Tochi ya leza si kitu cha kuchezea, na jaribio la chai nililolieleza hapo juu ni la meza ya mwalimu katika maabara, si la sebuleni.

Kuna mahali ambapo lenzi ya joto ilikuwa adui mtupu. Mwaka 1966, Peter Sorokin na John Lankard wa kampuni ya IBM nchini Marekani, na Fritz Peter Schäfer huko Marburg, Ujerumani, bila ya kuwasiliana, waligundua kwamba rangi iliyoyeyushwa yaweza yenyewe kuwa leza. Imulike kwa nguvu, nayo hutoa mwale wake. Na badala ya kukupa rangi moja ya mwanga kama yakuti, hukuruhusu kuchagua, kidogo kidogo, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Ubaya ni kwamba leza hizo za kwanza ziliwaka kwa mipigo mifupi tu. Zikitakiwa ziwake mfululizo, kimiminika kilipata joto, lenzi ikajitokeza katikati, na mwale ukaharibika.

Waliofaulu kuiwasha mfululizo, mwaka 1970, walikuwa watu wa maabara za Kodak huko Rochester, New York: Peterson, Tuccio na Snavely. Waliiacha spiriti wakachagua maji, kwa sababu, kama tulivyoona, maji hubadilika mara nne pungufu kwa kila digrii. Lakini rangi waliyoitumia, rodamini, katika maji hujikusanya mafungu mafungu na kufifia. Dawa yake ikawa kutia ndani ya maji yale kitu cha jamii ya sabuni ya kufulia, kinachozitenganisha molekuli kama sabuni inavyotenganisha mafuta na shati. Kisha kimiminika kikasukumwa kipite haraka, ili kila tone liondoke kabla halijapata muda wa kuwa na joto. Nakiri kwamba katika historia yote ya leza, sabuni hii ndiyo inayonipendeza kuliko vyote.

Leza za rangi zilikuja kuwafaa watoto wanaozaliwa na baka jekundu usoni, lile litokanalo na mishipa midogo ya damu iliyopanuka chini ya ngozi. Mwaka 1983 madaktari Rox Anderson na John Parrish wa Boston walieleza jinsi mpigo mfupi wa mwanga wa rangi iliyochaguliwa vema unavyoweza kumezwa na wekundu wa damu na kuiunguza mishipa hiyo huku ngozi iliyo jirani ikisalimika. Damu hapo ndiyo kimiminika chenye rangi. Kwa ngozi nyeusi kazi hiyo yahitaji uangalifu zaidi, kwani weusi wa ngozi nao humeza mwanga ule, na daktari asiyelizingatia hilo aweza kuacha alama mpya mahali pa ile ya zamani.

Si kila badiliko ni la joto. Ziko rangi ambazo zikipigwa na mwanga mkali mno huchoka kumeza: molekuli zote zimekwisha shiba, na kimiminika kilichokuwa cheusi huwa wazi kwa muda mfupi mno, kisha hufunga tena. Tangu mwaka 1964 rangi za namna hiyo zimetumika ndani ya leza kama mlango unaojifungua wenyewe, ukizuia nguvu hadi ijae na kuiachia kwa mpigo mmoja. Na kuna kuchujuka kwa kawaida, ambako molekuli huvunjika na hazirudi tena, kama pazia lililokaa dirishani miaka mitano.

La ajabu zaidi lilitoka Budapest. István Jánossy alifanya kazi na fuwele za kimiminika, vitu vile vya ugiligili ambavyo molekuli zake hujipanga upande mmoja, na ambavyo twavitazama kila siku katika saa, kikokotoo na televisheni. Leza yenye nguvu yaweza kuzigeuza molekuli hizo. Mwaka 1990 Jánossy, pamoja na Lloyd na Wherrett, alitangaza kwamba ukitia humo rangi kidogo tu, leza dhaifu kama mara mia hufanya kazi ile ile. Joto halikutosha kueleza jambo hilo. Maelezo yaliyotolewa baadaye ni kwamba molekuli ya rangi ikimeza mwanga hushikana na jirani zake kwa namna nyingine, na kabla haijarudi katika hali yake imekwisha kuwasukuma. Chembe chache zimegeuza umati mzima.

Tukirudi kwenye meza ya mwalimu wa fizikia, mwanafunzi mwenye macho makini ataona kwamba duara zile ukutani si kamili. Upande wa juu zimebonyea, kama sahani iliyokatwa. Sababu yake iko jikoni. Maji yaliyopata joto sufuriani hupanda juu, na chai iliyopata joto ndani ya mwale nayo hupanda, ikilichukua joto na kulitandaza upande wa juu, hata lenzi ikapoteza umbo lake huko. Mwalimu akitaka duara kamili, na aupindue mwale kwa kioo uingie katika chombo kwa chini kwenda juu. Joto litapanda sambamba na mwanga, na duara zitatokea darini zikiwa zimetimia pande zote.